Kitufe Kilichofungwa Mpira

Mabatini, Mwanza
18 Februari 2024

Kaka Projest,

Shikamoo. Kuna sauti imeniganda masikioni tangu Jumanne na sina pa kuipeleka ila kwako. Nilikuwa peke yangu karakanani, mchana, nafagia maranda. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mgao kama ulivyouacha, na baba mdogo na Nestory walikuwa wamepeleka kitanda kwa mteja Kirumba. Mtaa ulikuwa umenyamaza, hata mashine ya kusaga ya jirani. Mara ile bisibisi ya umeme iliyolala juu ya benchi ikaanza kulia yenyewe. Ilianza kwa sauti nyembamba, kama nyuki aliyefunikwa kwa kopo, kisha ikanenepa. Hakuna aliyeigusa. Ikajigeuza, ikatambaa juu ya benchi ikiburuta waya wake, ikalipiga kopo la skrubu na skrubu zote zikamwagika sakafuni. Nilisimama na fagio langu kama sanamu mpaka nilipokumbuka kuzima swichi ukutani. Umeme ulikuwa umerudi, basi. Lakini ile sauti ya kuanza haijanitoka.

Sasa salamu. Mama hajambo? Mwambie kahawa aliyotuma ilifika na mama mdogo Renatha ameificha ili wageni wasiimalize. Presha ya mama mdogo imetulia. Mimi bado nasubiri ajira. Cheti changu kipo ndani ya begi, na mchana nakaa karakanani napokea wateja ili nisile chakula cha watu bure. Nimekubali ombi lako la barua badala ya simu. Kama dada wa mazoezi ya viungo amesema uandike kila siku ili vidole vikumbuke kukunjika, basi andika, na mimi nitajibu. Hii naituma kwa meli. Mama akishuka bandarini Kemondo ataichukua.

Jambo lenyewe ni hili. Nilipoisogelea ile mashine niliona kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kimezungushwa kwenye mkono wake na kukikandamiza kitufe, kile ambacho fundi hukibonyeza kwa kidole ili izunguke. Kilikuwa kimebanwa hivyo hivyo, na swichi ya ukutani haikuzimwa. Ndiyo maana umeme uliporudi ilijiendea.

Huenda hujawahi kumsikia baba mdogo akiisimulia ajali yako, kwa hiyo nikurudie maneno yake. Anasema wewe ulikuwa na uvivu wa kubonyeza, ukakifunga kitufe kwa mpira. Anasema alikukataza na hukusikia. Kwamba siku ile ya Januari umeme ulikatika, ukawa unabadilisha ncha ya bisibisi, umeme ukarudi, na mashine ikasokota kitambaa pamoja na vidole vyako vitatu. Anawasimulia wateja. Amewasimulia hata watu wa jumuiya.

Wewe uko Muleba tangu ulipotoka hospitali. Nani alikifunga kitufe Jumanne?

Nauliza kwa sababu Mama Dorcas alipita hapa. Nafasi yako katika karakana yake ya Buswelu bado ipo, anataka mtu wa kupima na kusimamia milango, na kwa hilo mkono wako unatosha. Ila amesema atamuuliza kwanza baba mdogo habari zako. Alishawahi kupoteza kijana kwa umeme na hachukui fundi anayeuchezea.

Mdogo wako,
Jovina


Muleba
10 Machi 2024

Mdogo wangu Jovina,

Marahaba. Usicheke mwandiko. Kalamu naibana kati ya kidole gumba na hiki kimoja kilichobaki na akili. Mama hajambo, analalamika migomba ya nyuma imeanguka kwa upepo. Ng'ombe amezaa dume. Kila jioni Mama ananikanda vidole kwa maji ya moto huku akinisimulia habari za watu waliokufa zamani, nadhani ananitayarisha.

Dada wa mazoezi ni mkali. Nikimwambia kidole kinauma anasema vizuri, kingeumaje kama kingekuwa kimekufa.

Habari za mashine achana nazo. Mashine za zamani zina mambo yake. Baba mdogo ametulea tangu Baba alipofariki, msikilize, na usipekuepekue vitu karakanani. Mama Dorcas ataamua anavyoona.

Nimechoka, mkono unatetemeka.

Projest


Mabatini
24 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa mkono. Nimefurahi habari ya ndama, ingawa Mama alikuwa anaombea jike. Hapa leo tumeadhimisha Jumapili ya Matawi. Baba mdogo alilibeba tawi lake kwapani kama mtu aliyebeba mwamvuli, mama mdogo akamkonyeza alishike vizuri, yeye akajifanya haoni. Nusura nicheke ndani ya kanisa.

Barua yako nimeisoma mpaka imechoka. Mwandiko ni wako, siwezi kubisha. Maneno ndiyo sijui ni ya nani. "Mashine za zamani." Kaka, mliinunua pamoja mwaka juzi pale mjini, wewe na baba mdogo, ukanipigia simu kutoka dukani ukiringa kwamba sasa mna bisibisi ya umeme ya waya, kwamba zile za betri huchoka katikati ya kazi. Ina uzamani gani? Tulipokuwa wadogo ulikuwa ukidanganya unasema maneno machache na unaingiza habari ya kuchoka. Bado hujabadilika.

Kwanza nilimshuku Nestory. Kuna kipande cha tyubu kimening'inia mfukoni mwake kila siku, anafungia mbao kwenye mkokoteni. Nikaanza kumtazama. Naye si mjinga, alinigundua. Akasema mbele ya wateja, "Dada mwenye digrii, unatukagua? Ukimaliza ripoti utusomee na sisi." Watu wakacheka, nikacheka nao, lakini sikuacha.

Nikafanya hivi. Niliukata ule mpira kwa kisu, nikautupa kwenye jiko la mkaa mpaka ukayeyuka. Kesho yake Nestory hakuja kabisa, alikwenda msibani Sengerema. Mchana nikakuta mpira mpya kwenye mashine, umefungwa vilevile, fundo lilelile. Siku hiyo hakukuwa na fundi mwingine karakanani ila baba mdogo.

Nikamuuliza. Nilimuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza: baba, huu mpira ni wa nini? Akasema ni mpira wa Projest, alioacha. Nikamwambia wa Projest niliuchoma. Akaondoka akaenda kumfokea muuza mbao.

Tangu hapo mama mdogo ananipakulia nyama nyingi kuliko wengine. Sijui kama ni upendo au ni kuniziba mdomo, na sipendi kwamba nimefika mahali pa kuwaza hivyo juu ya sahani ya chakula.

Neno la mwisho. Kazi zimekuwa nyingi kabla ya Pasaka na baba mdogo ameniambia niache kukaa tu. Kesho naanza kufunga bawaba za makabati kwa ile bisibisi ya umeme. Nadhani nitaiweza.

Jovina


Muleba
28 Machi 2024, Alhamisi Kuu

Jovina,

Salamu baadaye. Hii nampa kondakta wa basi, meli itachelewa.

Usiishike hiyo mashine. Kama umeshaanza, soma hapa kabla hujarudi benchini.

Kabla ya kuchomeka plagi, hasa kama yeye ndiye aliyeitumia kabla yako, tazama kitufe. Kibonyeze, kiachie, uone kinarudi chenyewe. Kisiporudi, au ukikuta kitu chochote kimekizunguka, usichomeke. Usisogee hata karibu. Ukitaka kubadilisha ncha, zima swichi ukutani, kisha chomoa plagi kabisa, uiweke mbele yako mahali unapoiona. Swichi peke yake haitoshi; mtu anaweza kupita akaiwasha akidhani anakusaidia. Umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa hapo hapo. Usiseme utarudi jioni. Haujali umesema nini.

Ncha ikitoka kwenye ubao wa mninga inakuwa ya moto. Iache ipoe. Usiishike kwa kitambaa, Jovina, wala glavu, kitambaa kikishanaswa hakikuachii. Nywele zako zifunge nyuma na mtandio uuache nyumbani. Ubao ubane kwenye jiliwa, usiushikilie kwa mkono, ncha ikiteleza inaingia kiganjani. Waya upite nyuma yako, usiutumie kuvuta mashine wala kuibebea. Ukiona umechubuka usiufunge nailoni, ubadilishwe. Na ile tabia ya Nestory ya kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi akizikaza kwa vijiti vya kiberiti, usiiige hata akikucheka. Mvua ikinyesha pale kwenye bati linalovuja panakuwa na maji chini. Siku hiyo usifanye kazi.

Na usikae upande ule wa soketi akiwa anafanya kazi yeye.

Nijibu haraka. Nijibu kwamba hujaumia. Pasaka njema.

Projest


Mabatini
14 Aprili 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijaumia. Sikuwa nimeishika. Baba mdogo hakuniambia niishike. Nilikuandikia hivyo ili uniandikie vile. Najua si jambo zuri, na Mama akijua atanisema. Lakini barua ya kwanza ulitumia majuma kuniambia niachane na habari za mashine, na ya pili ulinijazia kurasa mbele na nyuma kwa mkono unaotetemeka. Nilitaka kusikia sauti yako halisi, nimeisikia. Mafunzo yako nimeyabandika ndani ya kabati la skrubu. Nestory ameyasoma kimya, na vijiti vya kiberiti ameviacha, ingawa anasema ni kwa hiari yake.

Habari za nyumbani: mama mdogo alipata mafua, amepona. Mvua za masika zimeporomosha jiwe dogo nyuma ya nyumba ya jirani, halikumdhuru mtu. Senene wachache wameonekana kwenye taa za stendi, watoto wamewamaliza.

Sasa sikiliza. Umeandika "kama yeye ndiye aliyeitumia kabla yako". Umeandika nisikae upande wa soketi "akiwa anafanya kazi yeye". Hukumtaja kwa jina hata mara moja. Basi nami nikakaa nimtazame huyo yeye.

Kwanza niligundua kwamba benchi limehamishwa. Zamani lilikuwa katikati ya karakana, unakumbuka, mtu alizunguka pande zote. Sasa limesukumwa mpaka ukutani, karibu kabisa na soketi. Niliketi nyuma ya mbao zilizosimama, nikijifanya napanga stakabadhi. Baba mdogo aliikumbatia ile mashine kwa viganja viwili, kama mtu anavyoshika kikombe cha uji wa moto, akaiweka juu ya skrubu. Kisha akaigonga swichi ya ukutani kwa kiwiko. Ikazunguka. Skrubu ikazama. Akaigonga tena kwa kiwiko, ikasimama. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimenyooka muda wote, kando, kama kijiti.

Nikayakumbuka mengine. Tawi la kwapani. Vifungo vya shati anavyofungwa na mama mdogo asubuhi. Namna anavyoonyesha vitu kwa kidevu, nilidhani ni kiburi cha uzee. Nikataka kuhakikisha. Niliweka skrubu moja juu ya benchi nikamwomba anipatie. Hakuiokota, Kaka. Aliisukuma kwa ubavu wa kiganja mpaka ukingoni, akaiachia ianguke ndani ya mkono wa kushoto, akanipa. Alifanya kwa wepesi wa mtu aliyezoea, na akanitazama kuona kama nimeona. Nikasema asante baba.

Vidole vyake vimekufa ganzi. Hawezi kukibonyeza kitufe. Yeye ndiye anayefunga mpira, na alikuwa anaufunga kabla hujaumia, na wewe unajua.

Ningeweza kumwonea huruma nikaishia hapo. Lakini Jumatatu Mama Dorcas alikuja. Nilikuwa mlangoni, nilisikia. Baba mdogo alimwambia kwamba wewe ni fundi mzuri ila una mchezo wa kufunga vitufe, kwamba hata yeye alishindwa kukurudi. Alisema kwa huzuni, akitikisa kichwa. Mama Dorcas akasema basi, nafasi atampa mwingine mwisho wa mwezi wa sita. Nilimfuata mpaka barabarani nikakosa cha kusema, maana sikuwa na neno lako.

Nakuuliza mara moja tu. Umemuahidi nini?

Jovina


Muleba
19 Mei 2024

Jovina,

Marahaba. Nimechelewa na sitasema ni mkono. Mkono unaendelea vizuri, naweza kukunja kidole cha kati mpaka nusu. Ndama amekufa. Mama alilia kidogo akajifanya ni moshi. Mvua imetuharibia njia ya kisimani.

Ulinidanganya kuhusu bawaba. Nilikaa siku zile za Pasaka nikiona mkono wako ndani ya ile mashine. Sikula. Usinifanyie hivyo tena.

Haya. Ilianza mwaka jana kabla ya Krismasi. Alikuwa anaangusha skrubu, nikadhani macho. Siku moja nikamkuta amefunga kitufe kwa mpira. Akaniambia, nyamaza, ni kwa muda. Aliogopa wateja. Mabenchi ya parokia alikuwa ameahidiwa yeye, mlango wa kila nyumba kubwa pale mtaani anasema ni wake, na watu wakisikia mikono yake, mikono ya Kahigwa, imekufa watakwenda kwingine siku hiyo hiyo. Nikanyamaza. Nikawa namwokotea skrubu kabla hajaziangusha.

Siku ile umeme ulikatika akiwa katikati ya kazi, akatoka nje kuongea na mteja. Hakuzima ukutani. Mimi nikaja nibadilishe ncha ili akirudi aikute tayari. Niliuona mpira. Nataka ulijue hilo, niliuona. Nikasema umeme wenyewe hautarudi kabla ya jioni, nikashika ncha kwa kitambaa kwa sababu ilikuwa bado ya moto. Haya mengine unayajua.

Hospitali alikuja peke yake. Alikaa pembeni ya kitanda akalia, Jovina, sijawahi kumwona akilia hata Baba alipozikwa. Akanishika huu mkono mzima akasema, "Wewe bado kijana, jina lako litapona. Langu halitapona." Nikamwambia sawa. Sikujua kwamba atalisimulia mpaka Buswelu. Mama Dorcas alinipigia simu Aprili akaniuliza kama ni kweli, nami nikanyamaza, akaelewa anavyoelewa.

Ni yeye aliyenifundisha kushika randa. Nimetoa neno langu. Nakuomba usimwambie mtu. Hata Mama hajui.

Projest


Mabatini
2 Juni 2024

Kaka Projest,

Shikamoo. Poleni kwa ndama, na umwambie Mama kwamba moshi wake tunaufahamu. Mama mdogo anawasalimu. Hapa mvua zimekoma, ziwa limetulia, na mgao umepungua. Nestory amepata mtoto wa kike na amemwita Queen, anatufanya tumsalimie kwa heshima.

Ukiipapasa bahasha hii utakuta kitu kigumu ndani. Usiogope, nitafika hapo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya yale mawe ya nyuma ya nyumba, kisha nikaisoma tena, nikitafuta mahali ambapo baba mdogo alikuuliza kama unakubali. Sikupaona. Alikuambia, ukasema sawa. Nimewaza sana kuhusu jina lake na jina lako. Nimejaribu kwa haki kabisa kulipa lake uzito. Ametulea, ni kweli. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye viganja vile. Kila nilipofika hapo niliiona ile mashine ikitambaa peke yake juu ya benchi, na mimi nimesimama na fagio. Ingekuwa nimeuweka mkono hapo Jumanne ile, angesema nini juu yangu? Angesema Jovina naye alikuwa mvivu wa kubonyeza?

Nilianza na yeye. Sikutaka asikie kwa watu. Ilikuwa Jumatatu baada ya chakula cha mchana, Nestory ametoka. Nilimwambia, baba, nimekuona unavyofanya kazi kwa kiwiko. Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda akavitazama vidole vyake kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anavijua. Akasema vilianza kwa baridi ya asubuhi, vikawa haviamki. Nikamwambia aende hospitali. Akasema ameshakwenda, wakamwambia aache mashine zinazotetemeka. Hakumwambia mtu.

Nikamwomba twende wote Buswelu, Jumatano, amwambie Mama Dorcas kwa mdomo wake.

Akaniuliza, "Nikisema ni mimi, nani ataniletea mlango tena?"

Nikamuuliza, "Na Projest naye, nani atampa mlango?"

Aliinuka akarudi benchini. Lakini Jumatano asubuhi alitoka amevaa shati lake la kanisani, mama mdogo amemfungia vifungo mpaka juu. Nilifurahi, Kaka. Tulitembea pamoja mpaka pale njia panda. Hapo akasimama, akasema amekumbuka kuna mteja wa kabati anakuja saa nne. Hakukuwa na mteja yeyote, mimi ndiye ninayewapokea. Alisimama akinitazama, nadhani alitaka nimwambie turudi. Nikamwambia nitamsalimia Mama Dorcas.

Nilimkuta anapakia fremu za madirisha. Nikamsimulia yote, nimesimama juani, bila kupunguza. Nilimwambia pia kwamba uliuona mpira na ukaishika ncha, kwa sababu uliniandikia nijue na sikutaka kumletea habari nusu. Alinisikiliza akiwa anafuta mikono kwa kanga yake. Akauliza kwa nini wewe mwenyewe hukukataa alipokupigia simu.

"Aliahidi kunyamaza," nikasema.

"Na wewe je?"

"Mimi sikuahidi."

Alimaliza kufuta mikono, akasema fundi anayetunza siri ya namna hiyo anamtia mashaka kuliko fundi mvivu. Nikadhani tumekwisha. Akaendelea kupakia fremu zake, nikamsaidia, na zilipoisha akasema uje mwezi wa saba, wiki ya kwanza. Hatakupa kazi siku hiyo. Anataka akuone unavyobadilisha ncha mbele yake, kwa mkono huo huo. Basi hilo ndilo nililokuletea. Si zaidi ya hapo.

Najua uliniomba. Usipoteze wino kunikataza, nimeshakwenda, na hii barua imesubiri mpaka nirudi ili usipate nafasi ya kunizuia. Kama utakaa muda bila kuniandikia nitaelewa. Vidole lakini uvifanyie mazoezi, umwandikie hata dada yule mkali.

Baba mdogo hajanifukuza. Tangu Jumatano anaongea nami kupitia mama mdogo, mwambie Jovina chumvi, mwambie Jovina mlango. Jana alikuwa amesimama karakanani mashine ikiwa benchini, mpira umefungwa tena, mpya. Sijui alitaka kuitumia au alitaka nione. Nilichukua koleo la kukatia waya kwenye sanduku. Nestory akasema, "Dada, hiyo ni mashine nzima, haina ugonjwa." Baba mdogo akasema, "Muache." Ni neno la kwanza alilosema akiwa ananitazama mimi.

Kilichomo ndani ya bahasha ni plagi ya ile mashine, na kipande cha waya kirefu kama kidole. Nilizima swichi ukutani, nikaichomoa, nikaiweka mbele yangu mahali ninapoiona, ndipo nikakata.

Mdogo wako,
Jovina